Prado au gari dogo la juu: hesabu ya kupiga kabla ya kulipa tofauti

Tofauti ya bei kati ya Land Cruiser Prado na X-Trail au RAV4 ya umri uleule inaweza kununua kiwanja pembezoni mwa mji na kuanzisha msingi. Muuzaji atakuambia "hii haifi", na hajakosea sana. Swali ni nani anayelipia hayo maisha marefu, wewe au atakayeinunua kwako.

Tumechukua Prado ya kizazi cha 150, iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2023, kwa kuwa ndiyo watu wengi wanaitamani na angalau wanaweza kuifikia. Hesabu ni za Tanzania. Kenya tunaigusa pale sheria zinapoachana.

Hatua ya 1: Andika barabara zako, usizikadirie

Chukua daftari, na kwa wiki nne andika kila jioni kilomita ulizokwenda kwenye lami, ulizokwenda kwenye vumbi, idadi ya abiria na uzito wa mzigo. Watu wengi wanaosema "barabara zangu mbaya" hugundua kwamba ubaya wenyewe ni mita 800 za mwisho kufika nyumbani. Gari lolote lenye tairi nzuri na dereva mwenye subira litazimaliza mita hizo.

Kipimo chetu ni hiki: vumbi likiwa chini ya sehemu moja kwa tano ya kilomita zako, huna sababu ya kiufundi ya kununua Prado. Likizidi nusu, endelea kusoma kwa makini. Katikati hapo, kinachoamua ni mzigo na aina ya vumbi.

Aina ya vumbi ina maana kubwa. Prado imejengwa juu ya chesisi kamili, na bodi imekalishwa juu yake kwa mipira. RAV4, X-Trail na Harrier hazina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo midogo midogo isiyoisha, mtikisiko wa gari dogo unakwenda moja kwa moja kwenye sehemu za bodi zilizochomelewa, kwenye maunti za injini, bushi na stabilaiza linki. Shokapu zinapata moto, zinavuja, na kuanzia hapo kila kitu kingine kinaanza kulegea. Barabara ya namna hiyo inaua gari dogo kuliko matope, maana matope unayakuta msimu mmoja tu.

Urefu kutoka ardhini, ambao ndio kila dalali anaanza nao, si hoja kubwa. Prado ina takriban sentimita 22, na magari mengi madogo ya juu yana 19 hadi 21. Usilipe mamilioni kwa sentimita mbili. Unacholipia ni chesisi, ekseli ngumu ya nyuma, na gia ya chini ya 4L, inayokuwezesha kupanda mlima wenye mawe au kutoka kwenye mchanga bila kuchoma giaboksi. Hapa X-Trail za vizazi vya T31 na T32 zinaonyesha udhaifu wao: nyingi zina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, na zikibanwa kwenye mchanga au mlima mrefu, oili ya giaboksi inapata joto na gari linajipunguzia nguvu lenyewe. Likipoa linaendelea. Lakini ukilirudisha hapo kila wiki, jiandae kununua giaboksi.

Anayekwenda kijijini Krismasi na Pasaka tu, akodi Land Cruiser kwa siku hizo. Hata kwa bei ya msimu, ni nafuu kuliko kulisha Prado miezi kumi na miwili.

Hatua ya 2: Jua bei hadi namba inapofungwa

Bei unayoiona kwenye mtandao wa wauzaji wa Japani bado haina kodi. Kwa gari la zaidi ya cc 2,000, Tanzania inatoza ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Gari likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na likivuka miaka 10 ni asilimia 30. Ukizipanga kwa mpangilio huo, gari lisilofika miaka 8 linatozwa kama asilimia 62 ya thamani yake ikiwa bandarini, na lililovuka 10 linapita asilimia 100. Tozo ndogondogo, gharama za bandari na wakala hazimo humo.

Mambo mawili yanawaangusha watu hapa. Kwanza, Mamlaka ya Mapato (TRA) inatumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, si ile iliyo kwenye ankara yako, kwa hiyo gari ulilolipata kwa bei ya bahati halikupunguzii kodi. Ingia kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hata dola moja, maana viwango vinaweza kubadilika kila bajeti ya Juni. Pili, Prado ya miaka 11 inaweza kutua barabarani kwa bei inayokaribiana na ya miaka 7, kwa sababu kodi imekula punguzo lote. Katika hali hiyo nunua mpya zaidi.

Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, jambo linalosaidia bei za mitumba ya ndani zisianguke haraka. Huko pia ukubwa wa injini una mtego wake: dizeli inayozidi cc 2,500 inaingia ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, wakati petroli inabaki asilimia 25 hadi ivuke cc 3,000. Kwa hiyo Prado ya petroli ya 2.7 na ya dizeli ya 2.8, hata zikinunuliwa kwa bei moja Japani, haziwezi kufika Nairobi zikiwa na bei moja.

Hatua ya 3: Hesabu ya kilomita

Fomula ni rahisi: jumlisha bei ya kununua, mafuta, service na spea, matairi na bima, toa bei utakayouzia, gawa kwa kilomita. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, badilisha uweke zako. Tumechukua miaka 8, kilomita 20,000 kwa mwaka, mafuta shilingi 3,000 kwa lita, na bima kubwa ya asilimia 3.5 ya thamani ya gari inayoshuka kila mwaka. Mchanganuo ni kwa mamilioni ya shilingi.

Gari dogo, lami kwa sehemu kubwa, kilomita 10 kwa lita: kununua 38, mafuta 48, service na spea 20, matairi 5.6, bima 7.3. Ukiuza kwa 14, umetumia 104.9, sawa na shilingi 656 kwa kilomita.

Prado 2.7 petroli, barabara hizohizo, kilomita 7.5 kwa lita: kununua 85, mafuta 64, service na spea 24, matairi 9.6, bima 18.5. Ukiuza kwa 48, umetumia 153.1, sawa na shilingi 957 kwa kilomita.

Prado imeshika bei vizuri sana, na bado imekugharimu milioni 48 zaidi, yaani milioni 6 kila mwaka. Angalia bima: watu huhesabu mafuta na kusahau kwamba gari la bei kubwa linalipiwa bima kubwa kila mwaka, hata likiwa limeegeshwa.

Sasa hamisha magari yote mawili kwenye vumbi. Gari dogo linakula zaidi, spea zinapanda mara mbili, na mwaka wa tano unaliuza kwa bei ya kutupa na kununua lingine. Ukiweka 46 kwa magari mawili baada ya kuyauza, mafuta 53.3, spea 40, matairi 8.4 na bima 8.5, unapata 156.2. Prado kwenye vumbi hilohilo: 41 baada ya kuuza, mafuta 68.6, spea 34, matairi 12, bima 18.5, jumla 174.1. Pengo limeshuka hadi milioni 17.9, kama 2.2 kwa mwaka.

Hata huko porini, basi, Prado ya petroli haijashinda kwa hesabu tupu. Inachokuuzia kwa hizo milioni 2.2 ni siku ambazo gari halikulala gereji. Kama kukodi gari mbadala ni shilingi 250,000 kwa siku, siku 9 kwa mwaka zinafuta tofauti yote. Mwenye kampuni ya utalii, mkandarasi, daktari anayezunguka vituo vya wilaya, anazifikia siku hizo kirahisi. Mfanyakazi wa ofisini anayeweza kupanda bajaji gari likiwa gereji, hazifiki.

Kuna mstari mmoja ambao haumo kwenye mchanganuo, nao ndio mzito kuliko yote: fedha za nyongeza zimetoka wapi? Katika mfano wetu ni milioni 47. Ukizikopa kwa riba ya asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia milioni 7.5. Hakuna uimara wa gari unaorudisha hiyo. Ushauri wetu hapa hauna masharti: tofauti ya Prado usiikopee.

Hatua ya 4: Chagua injini kabla ya rangi

Sifa ya "haifi" ilijengwa na injini mahususi, na si kila Prado au Land Cruiser ina injini ya namna hiyo.

Injini iliyoibeba sifa hiyo zaidi ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, iliyomo kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 nyingi unazoziona kwenye mbuga na mashirika ya misaada. Pampu yake ni ya kimakanika, inavumilia mafuta machafu, na fundi wa wilayani anaifahamu. Kinachoiua ni mkanda wa taimingi uliopitishwa kilomita 100,000, na rediata iliyoziba. Ndani ya 70 ni chuma na jasho, lakini kwa kazi ngumu haina mpinzani.

Ya 2.7 petroli, 2TR-FE, ndiyo tunayompendekezea mtu wa kawaida. Ina cheni badala ya mkanda, haina turbo, na spea zake zinaingiliana na za Hilux na Hiace. Ubaya wake ni kwamba inavuta gari la zaidi ya tani mbili, kwa hiyo inakula na haina haraka. Za kabla ya 2015 zina giaboksi ya gia nne. Zilizofuata zina sita na zinapanda milima vizuri zaidi.

Ya 3.0 dizeli, 1KD-FTV, inapendwa na inahitaji jicho kali. Kisahani cha shaba chini ya nozeli kikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakosa oili huku dereva akiona kila kitu shwari mpaka inapokaba. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua sampu na uangalie chujio. Kazi ya saa chache inaokoa injini nzima. Sikiliza pia injini ikiwa baridi asubuhi: mgongano wa chuma kwa chuma usioisha ikipata moto ni nozeli zilizochoka, na seti ya nozeli asili si bei ya kuchekea. Tena, mkanda wake wa taimingi ukikatika unaharibu kichwa cha silinda, hivyo usiamini "umebadilishwa juzi" bila risiti.

Na jambo moja ambalo madalali hawalijui au hawalisemi: Toyota iliacha kuuza Prado za dizeli nchini Japani mwaka 2007, ikazirudisha Juni 2015 na injini ya 2.8. Ukioneshwa Prado 150 dizeli ya 2012 "kutoka Japani", omba karatasi za kule. Inaweza kuwa gari zuri lililotoka Uingereza au kwa wakala wa hapahapa, lakini anayekudanganya asili yake ana uwezekano wa kukudanganya na kilomita.

Hiyo 2.8, 1GD-FTV, ina nguvu na inakwenda kilomita 9 hadi 11 kwa lita. Za soko la Japani zina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli. Chujio linajisafisha kwa safari ndefu. Mtu wa Kariakoo hadi Mwenge kila siku ataliziba. AdBlue ikiisha kabisa, ukizima gari haliwaki tena. Kama mji wako hauna AdBlue dukani, usinunue ukitegemea fundi atakayeondoa mfumo mzima kwa kompyuta, kwa sababu hiyo ni kazi ya kubahatisha kwenye gari la mamilioni.

Dizeli za kisasa zote zina adui mmoja: mafuta yaliyochakachuliwa. Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, lakini mafuta ya taa na maji vikichanganywa kituoni vinafuta faida hiyo. Jaza vituo vikubwa vyenye mzunguko, epuka madumu ya njiani, na badilisha filta ya dizeli kila kilomita 10,000. Ukilitumia gari mahali ambako madumu ndiyo njia pekee, rudi kwenye 1HZ au petroli.

V8 ya dizeli ya Land Cruiser 200, shangingi lenyewe, ina turbo mbili na oili ya takriban lita 9 kila service. Mtumba wake unauzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu mwenyewe anajua bei ya spea zake. Wewe pia ijue kwanza.

Hatua ya 5: Ukaguzi unaoamua

Gari imara lililotumika vibaya ndilo ununuzi mbaya kuliko wote, maana unalipia jina na kupata mabaki. Fanya haya, likiwa baridi na mchana kweupe.

Ingia chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga chesisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma na kwenye viungo. Sauti iliyokufa au vipande vya kutu vinavyodondoka: ondoka. Magari ya maeneo ya theluji Japani, kama Hokkaido, huliwa na chumvi ya barabarani, na rangi nyeusi mpya chini ya gari hupakwa kuficha. Linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi, karibu na tairi la mbele la kulia, na ile ya kwenye kadi.

Omba karatasi ya mnada wa Japani. Daraja 4 au 4.5 ni gari la kawaida lililotunzwa; R au RA ni lililorekebishwa baada ya ajali. Cheti cha kusafirishia nje kinaonyesha kilomita, na tarakimu hiyo ndiyo ya kulinganisha na dashibodi. Usukani uliochanika na pedali zilizolika kwenye gari la "kilomita 60,000" zinajieleza.

Prado za daraja la juu, TZ-G, zina mifuko ya upepo nyuma. Gari liegeshwe usiku kucha. Asubuhi likiwa limelala nyuma au upande mmoja, mifuko au kompresa vimechoka. Kwa barabara zetu TX au TX-L yenye springi za kawaida ni chaguo bora, na ni rahisi zaidi. Hapa anayelipa kidogo ndiye anayepata gari litakalodumu.

Weka 4L gari likiwa limesimama, gia iko N, kisha funga difu ya kati. Taa zikipepesa bila kutulia, mota ya kubadilishia imekwama, mara nyingi kwa kukaa miaka bila kutumika. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: moshi unaotoka kwa kusukuma maana yake ringi zimekwisha. Mwisho, tairi. Tarakimu nne za mwisho pembeni, mfano 2317, ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi za miaka saba zina maua mazuri na mpira uliokufa.

Kama hukuona Prado inayopita mitihani hii kwa bajeti yako, usishuke kuchukua iliyochoka. Suzuki Escudo ya 2005 hadi 2015 yenye gia ya chini ina chesisi ndani ya bodi, inabeba watu watano na kwenda sehemu ambazo hazikutarajiwa. Mitsubishi Pajero nayo ina mfumo mzuri sana wa magurudumu manne na bei yake inaanguka haraka, jambo baya kwa muuzaji na zuri kwako. RAV4 ya 2.4 ya miaka ya 2006 hadi 2009 iangalie kwa tahadhari. Injini zake nyingi zinakula oili.

Hatua ya 6: Mwezi wa kwanza

Tenga asilimia 10 hadi 15 ya bei kabla ya kununua, na usiiguse kwa ajili ya rimu. Badilisha oili ya injini, ya giaboksi, transfa na difu zote mbili, maji ya rediata, oili ya breki na filta zote. Piga grisi kwenye propela shafti, kazi inayosahauliwa na inayoleta mshindo ukiondoka. Kwenye vumbi, oili ya injini ni kila kilomita 5,000, na filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Vumbi likipita hapo, injini ya milioni nyingi inasagika kimyakimya.

Chonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na madirishani, funga kifaa cha kufuatilia, na hakikisha bima kubwa imeandikwa kwa thamani ya soko ya leo. Halafu mara moja kwa mwezi, sehemu ya vumbi au nyasi, weka 4L na uende mita mia mbili ili mota ya kubadilishia isikwame.